Ng'ombe mchanga hafundishwi Oktoba, wala hafundishwi kwa fimbo

Wapenzi wasikilizaji wa Likasi, na ninyi jamaa mliokimbia Mitwaba, Pweto na Manono mnaosoma maandishi haya kwenye simu ya jirani: leo sileti habari. Leo nabishana.

Nabishana na wanaogawa ng'ombe wa kulima kama vile wanagawa ndoo za plastiki. Nabishana pia na wale wazee wetu, nawaheshimu sana, wanaoketi chini ya muembe na kusema kwamba mnyama anaelewa lugha moja tu, lugha ya fimbo. Makundi haya mawili hayajuani, lakini yanafanya kazi moja. Kundi la kwanza linaleta mnyama asiyejua kitu, la pili linamchapa kwa sababu hajui kitu, na anayelipa ni mama aliyehama na watoto wake.

Mwezi wa kumi uliopita shirika moja, sitalitaja jina, lilileta madume wachanga kwa vikundi vya wahami upande wa barabara ya Kambove. Hotuba zilikuwepo, fulana zilikuwepo, picha zilipigwa. Kila kikundi kilipata ng'ombe wawili, nira, plau moja na mkokoteni. Mwalimu hakuna. Wanyama walitoka moja kwa moja malishoni, hawajawahi kufungwa kamba ya kichwa, hawajawahi kusikia mnyororo ukigonga chuma nyuma yao. Wiki ya pili walifungwa mkokoteni wakapelekwa kandokando ya barabara kubwa na magunia. Mnajua barabara yetu. Malori ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi usiku na mchana, yanapita hapa kwenda Lubumbashi na Kasumbalesa, na shofere akiona kitu mbele anapiga klaksoni hata kabla ya kufikiri. Ng'ombe wakaruka mtaro. Mkokoteni ukapinduka, nira ikavunjika, na mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia akavunjika mkono. Nilifika na mashine yangu ya kurekodi wakati wanaume wanawachapa wale ng'ombe, kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea.

Jioni ile nilisikia watu wakisema: ng'ombe hawa ni wabaya, wauzwe nyama. Hapana. Ng'ombe wale walifanya alichowaumbia Mungu. Ng'ombe, farasi, punda, wote ni wanyama wa kuwindwa. Macho yao yako pembeni ya kichwa, wanaona karibu duara nzima, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mahali padogo mbele ya pua. Masikio ya ng'ombe yanashika sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Sauti ya breki ya lori ambayo kwako ni kero, kwake ni kama mtu amekuchoma sindano sikioni. Na mwili wake una jibu moja lililokuwa tayari kabla hajazaliwa: kimbia kwanza, fikiri baadaye. Aliyesimama kufikiri zamani aliliwa na simba.

Kwa hiyo kumfundisha mnyama mchanga si kumpa adabu. Ni kumzoesha. Ni kumwonyesha, kitu kimoja kimoja, kwamba hiki hakiumi, na kile hakiumi, mpaka siku moja lori linapita na yeye anatikisa sikio tu.

Jambo hili si geni wala si la wazungu wa leo wenye muda wa kupoteza. Xenofoni, askari Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kizima kuhusu farasi. Humo anashauri kwamba mwana-farasi apitishwe katikati ya watu, aonyeshwe kila aina ya vitu na makelele, na akiogopa, asichapwe bali atulizwe mpaka ajue mwenyewe hakuna hatari. Huyo alikuwa mtu wa vita. Maisha yake yalitegemea farasi asiyekimbia ngoma na mikuki. Kama fimbo ingetosha, yeye angekuwa wa kwanza kuisifu.

Mtasema Mgiriki yuko mbali. Basi turudi Kongo yetu.

Mwaka 1879 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alileta tembo wanne waliofundishwa kutoka India. Walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam, wakatembezwa na mizigo kuelekea ziwa Tanganyika, kwenye kituo cha Karema. Walikuwa wamesoma, ndiyo, lakini nchi hawakuijua, chakula hawakukijua, na walipakizwa mizigo mizito juani. Wakafa mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyedumu. Mradi ule ulikuwa na bendera, ulikuwa na barua za mfalme, ulikuwa na haraka. Ukinisikia nikiucheka, ujue nina miradi mingine kichwani.

Baadaye, karibu na mwaka 1900, ofisa mmoja aitwaye Laplume alianza kazi tofauti kule Uele: kukamata tembo wachanga wa Afrika wenyewe na kuwafundisha taratibu. Shule ile ilikaa Api, kisha ikahamia Gangala-na-Bodio, pembeni ya mahali ambapo leo ni mbuga ya Garamba. Dunia nzima ilikuwa inasema tembo wa Afrika hafundishiki. Walifundishika. Walilima, walivuta magari, walibeba watu. Na waliofanya kazi ile siku kwa siku hawakuwa maofisa, walikuwa vijana wa Kongo, Wazande wengi wao, kila mmoja na tembo wake.

Sikilizeni walivyofanya, maana hapa ndipo penye somo. Tembo mchanga aliyekamatwa hakuachwa peke yake na woga wake. Alifungwa karibu na tembo wakubwa waliokwisha kuzoea, ambao walimtuliza na kumwongoza. Mlezi wake alimpa chakula kwa mkono, akamgusa kidogo kidogo, akamwimbia. Ndiyo, walikuwa wanawaimbia, na jioni walikusanyika wakaimba pamoja ili wanyama walale na sauti ya watu masikioni. Kazi ile ilikuwa ya miezi, haikuwa ya wiki. Sisemi palikuwa peponi, maana kumkamata mtoto wa tembo porini ni jambo la kikatili, na wengi walikufa. Lakini baada ya kukamatwa, fimbo haikuwa mwalimu. Mnyama wa uzito ule ukimfundisha kwa fimbo, siku anayogundua nguvu zake utakuwa huna pa kukimbilia.

Sasa, kama Wakongo waliweza kumzoesha tembo wa porini kwa wimbo na viazi, nani ataniambia dume la miaka miwili wa kwetu anahitaji fimbo tatu zivunjike mgongoni?

Na hapa nataka kusema neno ambalo wazee hawatalipenda. Neno hili fimbo, katika Katanga, lina historia. Babu zetu walilichapwa migodini na kwenye mashamba, kiboko cha ngozi ya mnyama wa mtoni, kwa kuchelewa, kwa kusahau kofia kichwani, kwa kutokuelewa Kifaransa cha bwana. Bwana naye alikuwa anasema vilevile: hawa wanaelewa lugha moja tu. Tulijua ni uongo. Tulijua kwamba mtu anayechapwa anajifunza kitu kimoja, kumwogopa mwenye fimbo, na kazi anaifanya nusu, na akipata nafasi anakimbia. Nashangaa kuona tumekubali hoja ya yule bwana, tumembadilishia tu mwanafunzi.

Wengine wanasema kumpiga ng'ombe ndiyo desturi yetu. Desturi ya nani? Wasanga, Waluba, Walamba, Wabemba wa huku si watu wa plau ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya nchi yetu ilikuwa na mbung'o, ng'ombe hakuishi, na farasi ndiyo kabisa, maana yeye anauawa na mbung'o na pia na ule ugonjwa unaoletwa na visubi. Wachache mtawaona kwenye uwanja wa wapanda farasi Lubumbashi, na wale ni wa watu wenye nacho. Ng'ombe wengi walikuja na Wabelgiji kwenye mashamba makubwa ya juu, kule Biano na Haut-Lomami, na walikuwa ng'ombe wa nyama. Kwa hiyo hatuna desturi ya kumfundisha ng'ombe, si nzuri, si mbaya. Tunaanza upya. Aliyeanza upya ana bahati: hana cha kusahau.

Waliotutangulia wako karibu. Wasukuma wa Tanzania wamelima na maksai miaka mingi, na mtoto wa kiume pale anakua akitembea mbele ya jozi ya ng'ombe wenye majina. Mbeya, kule Uyole, palikuwa na mradi mzima wa kazi za maksai tangu miaka ya 1980. Zambia, hapa tu ng'ambo ya mpaka, palikuwa na chuo Palabana karibu na Lusaka kilichofundisha wanyama na pia walimu wao. Kutoka Likasi mpaka Lusaka ni safari ya basi. Wanaoleta miradi wanapanda ndege kutoka mbali zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Naieleza kwa urefu kwa sababu kesho asubuhi mtu anaweza kuianza bila kungoja mfadhili.

Chagua madume wawili wanaolingana kimo, na kama inawezekana waliokua pamoja, wahasiwe mapema na veterineri, si na kisu cha jirani. Ukianza kumshika tangu anapoachishwa ziwa, umepata faida kubwa. Kazi nyepesi ya nira ianze akiwa na miaka miwili au mitatu, kazi nzito ingoje minne, maana mifupa bado inakua. Farasi ni hivyohivyo, mgongo wake unakomaa polepole zaidi ya miguu, na aliyempanda mapema amemharibu kabla hajamfaidi.

Mtu mmoja, au wawili wasiobadilika, wamlishe kwa mkono. Wamguse kila siku: shingo, bega, tumbo, mguu. Anza mahali anapokubali, sogea kidogo kuelekea mahali anapokataa, halafu ondoa mkono kabla hajakimbia. Hapo kwenye kuondoa mkono ndipo siri yote ilipo, na watu wengi hawaioni. Mnyama anajifunza pale unapomwachia. Ukimwachia akiwa ametulia, umemfundisha kutulia. Ukimwachia akiwa anaruka na kupiga teke, umemfundisha kwamba teke linafanya kazi. Kwa hiyo usimletee jambo kubwa kuliko unavyoweza kungoja atulie mbele yake.

Kamba ya kichwa aivae siku kadhaa bila kuvutwa. Kisha atembezwe. Kisha afungwe pembeni ya mzee, ng'ombe aliyekwisha jua kazi, na huyo mzee ana thamani kuliko hotuba zote. Maneno yawe machache na yawe yaleyale: twende, simama, kushoto, kuume. Si mmoja anasema simama, mwingine anasema arrête, wa tatu anapiga mluzi. Kisha nira tupu. Kisha mnyororo unaoburutwa nyuma, ausikie. Kisha gogo dogo. Plau baadaye, mkokoteni mwisho, kwa sababu mkokoteni unamfuata na kelele zake na akikimbia nao unamkimbiza zaidi.

Na malori. Msimpeleke barabarani siku ya kwanza eti azoee. Huko si kumzoesha, ni kumzamisha. Mfunge mbali, mahali anapoinua kichwa lakini bado anakula. Akiendelea kula, kesho sogea hatua kumi. Akiacha kula, rudi nyuma. Wiki kadhaa, na atafika ukingoni mwa lami akicheua. Vivyo hivyo na mifuko ya plastiki inayopeperuka, miavuli, pikipiki, pusupusu, watoto wa shule wakitoka saa sita, na milipuko ya migodi. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba ng'ombe anasimamishwa na vitu ambavyo sisi hatuvioni kabisa: mnyororo unaoning'inia, koti kwenye uzio, kivuli kikali ardhini. Na kelele za watu wanaompigia makelele zinamwogopesha kuliko wanavyodhani. Ukiona ng'ombe amekataa kupita, kabla ya kuinua fimbo inama uone kile anachokiona.

Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, inatosha. Mnyama aliyechoka hajifunzi, kama wewe na mimi.

Punda nimtaje haraka, kwa sababu kuna wanaosema afadhali waletewe punda. Sawa, lakini punda akiogopa mara nyingi hakimbii, anasimama kama jiwe, na watu wakaita ukaidi, wakamchapa. Ni woga uleule. Na tusisahau soko la ngozi: Kenya ilifungua machinjio ya punda kuanzia 2016, na ilipofika 2020 serikali ikaamua kuyasimamisha kwa sababu punda walikuwa wanaibwa na kuisha. Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia biashara hiyo mwaka 2024. Mnyama ambaye wewe umemfundisha mwaka mzima, mwizi anamhesabu kwa kilo.

Najua hoja inayokuja, nimeishaisikia kwenye simu za wasikilizaji. Wewe mwandishi, watu wana njaa, wamelala chini ya mahema, na wewe unaleta habari za kumwimbia ng'ombe! Hoja hii ina uzito na siikwepi. Likasi inajua kuhama. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wa Kasai walilala gare ya treni hapa mjini wakingoja behewa, wengine wakafa pale wakingoja, na kuna wanaosoma maandishi haya ambao walikuwa watoto kwenye gare ile. Familia zilizokimbia vita vya Bakata Katanga zilifika kwetu na sufuria moja. Lakini kwa sababu hiyohiyo nasema: mtu mwenye sufuria moja hawezi kupewa kitu kitakachomvunja mkono. Tajiri akipoteza ng'ombe ananunua mwingine. Mhami akipoteza ng'ombe anapoteza shamba la mwaka ule, na kitanda cha hospitali analipa mwenyewe. Ng'ombe mwenye woga halimi mstari ulionyooka, anakonda, anachinjwa Desemba, na plau inauzwa chuma chakavu. Hesabu hiyo inaonekana kwa macho, haihitaji mtaalamu.

Kosa kubwa liko kwenye kalenda. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Anayeleta dume mbichi Oktoba anamtaka ajifunze na alime siku ileile, kwa hiyo fimbo inakuwa lazima, hata mtu mpole atachapa, kwa sababu mvua haimngoji. Ng'ombe wa kulima wanaletwa mwezi wa tano. Mei mpaka Septemba ni kiangazi, watu hawana palizi, ardhi imekauka, kuna muda. Ni kweli majani ni machache wakati huo, basi fedha za picha zinunue pumba na mabua ya mahindi yahifadhiwe baada ya mavuno. Na katika bajeti uwepo mstari wa mshahara wa mwalimu kwa miezi minne au mitano, na jozi moja ya ng'ombe wazee waliokwisha jua kazi kwa kila kijiji. Wafadhili wanakubali kulipia gari la kukagua mradi. Walipie na mtu wa kufundisha.

Serikali ya jimbo nayo isijifiche nyuma ya ONG. Ana veterineri wake, ana wakaguzi wake. Hakuna dume linalopaswa kukabidhiwa familia kama kazi kabla mtu wa serikali hajaliona likivuta gogo na kusimama kwa neno.

Kwenu ninyi jamaa mliohama, mnaoitwa kusaini karatasi: kabla ya kutia kidole kwenye wino, ulizeni. Ng'ombe huyu ana jina? Nani amemlisha kwa mkono? Anaweza kushikwa mguu? Amewahi kuburuta mnyororo, na wapi? Mwalimu atakaa nasi mpaka mwezi gani? Mwombeni anayemleta amshike kamba mwenyewe na atembee naye mpaka ukingo wa barabara, lori moja lipite. Akikataa kufanya hivyo, msitie kidole.